Aliyecheka Kabla Yangu

Jambo la kwanza, vijana wangu: usimpe muuaji jina la mtu wa mtaani kwako. Mimi nilimwita muuaji Kasereka kwa sababu ndilo jina lililonijia mdomoni, na pale Keshero, mtaani kwetu Goma, akina Kasereka walikuwa watatu. Wawili walicheka. Wa tatu, dereva wa lori la Butembo, alinisubiri mlangoni filamu ilipokwisha, akaniuliza mbele ya mke wake ni bibi kizee gani aliyemnyonga. Tangu siku hiyo watu wa filamu zangu niliwaita kwa mavazi yao: Kofia, Miwani, Koti Refu, Mama Manyoya. Kofia akivua kofia unapata shida kidogo, lakini unazoea.

Ninyi mnatia sauti filamu kwa kompyuta. Mnasimamisha picha, mnarudi nyuma, mnafuta mlipokosea, halafu mnalalamika kwamba kazi ni ngumu. Sisi tulisimama kando ya televisheni, mikro, yaani kipaza sauti, mkononi, sale, ukumbi wetu, imejaa mpaka dirishani, filamu inakwenda, na neno likitoka limetoka. Watu waliniita Papa Mikro. Kazi hiyo niliifanya wakati wa wakimbizi na wakati wa vita vilivyofuata, siku ambazo watu wa Goma walitafuta mahali pa kukaa saa mbili bila kusikiliza redio. Tulionyesha mchana tu, kwa sababu jioni kila mtu alitakiwa awe kwake.

Sale ilikuwa ya Papa Athumani, mzee Mwislamu ambaye babu yake alikuja kutoka Maniema na biashara ya vitambaa. Kulikuwa na fundi mmoja wa maji, Mjerumani, aliyekaa njia ya Lac Vert. Vita vilipokaribia alifunga nyumba akaondoka, na sanduku lake la kasheti likabaki kwa Papa Athumani. Zote zilikuwa filamu za Kijerumani, za zamani, nyeusi na nyeupe. Mimi nilikuwa nimezoea filamu za ngumi. Katika hizi hakuna aliyerusha teke. Mtu anaingia chumbani, anavua glovu kidole kimoja kimoja, anaketi, na wewe tayari unajua kuna mtu atakufa. Kulikuwa na mahakimu, madaktari, wajane, wakuu wa stesheni, mvua na ngazi nyingi. Nilimwambia Papa Athumani kwamba hakuna mtu atakayekuja kutazama Wazungu wakitazamana.

Nilikosea, walikuja kwa wingi. Katika filamu zile kila mtu alikuwa anaficha kitu, na katika Goma ya wakati ule kila mtu alikuwa anaficha kitu pia. Watu walielewa mara moja.

Papa Athumani aliniuliza kama najua Kijerumani, nikasema ninakijua vizuri. Nilikuwa mlinzi wa yule fundi kwa miezi mitano. Nilijua maneno kumi na moja, na matano kati yake yalikuwa ya kumwambia mbwa.

Basi mtafanyaje, mtu haelewi lugha na watu wanangoja? Nitawaambia nilivyofanya, maana ufundi ni ufundi hata ukiwa wa mwongo. Filamu niliitazama kwanza peke yangu, bila sauti. Sikutazama midomo, nilitazama mikono, kwa sababu mdomo wa Mzungu husogea kidogo sana. Mbele ya watu, mkono wa kushoto ulikaa kwenye kitufe cha sauti: wakiongea unapunguza, muziki ukija unaongeza, na usiongee juu ya muziki hata siku moja, ule ndio wakati wa watu kuogopa. Tangawizi mfukoni, ya kulainisha koo. Na ukikosea, usirudi nyuma, songa mbele na kosa lako. Kuna siku nilimuua Miwani mapema. Nilisema amekufa, nikamlilia na watu wakamlilia, na baada ya robo saa akaingia mlangoni na mwavuli. Nikasema huyu ni pacha wake aliyekuwa ng'ambo. Watu walipokea. Goma hatushangai mtu kurudi.

Filamu iliyopendwa kupita zote tuliiita Mfamasia. Katika mji mdogo wenye theluji anauawa mwanamke tajiri. Wanamkamata mwalimu wa muziki, kijana mzuri mwenye fidla. Mfamasia anakaa nyumba ya jirani na yule mwalimu. Ana ndevu zilizochongwa na mke mrembo. Mahakamani anaulizwa swali, anajibu kwa maneno machache, halafu anarudi nyumbani ananawa mikono kwa muda mrefu sana. Mwalimu ananyongwa. Mimi nilieleza kwamba Mfamasia ni polisi wa siri. Jibu lake mahakamani ndilo lililomfunga muuaji, na mikono ananawa kwa sababu siku nzima alishika dawa za kupima damu. Mwalimu aliponyongwa, sale ilipiga makofi. Kuna watoto wa Keshero waliosema wakikua watakuwa Mfamasia.

Sasa sikilizeni jinsi wivu ulivyoingia kwangu.

Mlangoni alikuja kukaa mama mmoja mkimbizi wa vita, kutoka Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru. Alikuwa mfupi, kitenge cha buluu kimefungwa vizuri, na beseni la mandazi. Jina lake Mama Devota. Papa Athumani alimruhusu kuuza pale, na mandazi yakiisha aliingia kukaa nyuma kabisa. Siku moja Koti Refu alikuwa anazungumza na mlinzi wa gereza, na kabla sijafungua mdomo, mtu mmoja nyuma alicheka. Mmoja tu. Nilidhani amekumbuka mambo yake. Baada ya muda, Mama Manyoya akasema kitu, na kicheko kile kikatoka tena, kabla yangu.

Miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa mlango. Hakuna aliyecheka wala kulia mpaka mimi niseme. Na sasa kulikuwa na mtu anayeingia kwa dirisha.

Siku ya Mfamasia ilikuwa mbaya zaidi. Mahakamani, alipotoa lile jibu lake fupi, nikasema kwa sauti kubwa kwamba amemfichua muuaji, na sale ikashangilia. Nyuma kule Mama Devota alikuwa analia, kitenge usoni, mabega yanatikisika. Papa Athumani alimwona. Filamu ilipokwisha alimwita, akamuuliza nini kimemliza mahali ambapo wenzake wanafurahi. Nilisimama pale pale nikijifanya nakunja waya wa mikro.

Alijibu polepole, kwa aibu. Alikuwa amepika kwa masista wa Kijerumani miaka kumi na minane, huko upande wa Rutshuru, mpaka walipoondoka. Lugha aliipatia jikoni. Akasema yule Mfamasia si polisi. Saa ile mwanamke tajiri alipouawa, Mfamasia alimwona mwalimu akivuka daraja na baiskeli yake, mbali kabisa, kwa hiyo alijua kwamba mwalimu hana kosa. Lakini mke wake alipenda kusikiliza fidla dirishani, na wivu ukamshika. Hakimu alipomuuliza kama alimwona mtu yeyote darajani, alijibu kwamba hakuona mtu.

Kisha akanigeukia mimi, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma.

"Papa, mutu ananawa mikono vile mbele ya bibi yake, na hauone? Weye Mukatoliki, Pilato haumujue?"

Papa Athumani alicheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake mikro ilikuwa ya Mama Devota.

Mimi nilipewa gurupe, yaani mashine ya umeme, na kasheti. Kutia mazuti, kuvuta kamba, kurudisha mkanda mwanzo. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu miaka yote, sasa nikawa nyuma ya ukuta, nanuka mafuta. Na yeye alifanya kila kitu nilichowakataza. Aliongea taratibu, hakubadilisha sauti, alikaa kwenye kiti. Alisema tu, "huyu anasema hivi, yule anamujibu hivi." Nilingoja watu wazomee. Hawakuzomea. Walinyamaza kiasi kwamba niliweza kusikia gurupe langu likikohoa nje, nikalichukia na lenyewe. Kuna mzee, mkimbizi pia, alitoka siku ile ya Mfamasia ya kweli akanipita bila kunisalimu. Rafiki yangu mmoja alinishika bega akasema sasa ndipo wameelewa filamu ile inahusu nini. Nilimjibu kwamba kazi iendelee. Kwa ndani nilitamani mandazi yake yaungue, beseni lake litoboke, Kalengera ipate amani leo leo arudi kwao. Hata amani niliitaka kwa roho mbaya, mnaona.

Sitawaficha: nilikuwa na wivu wa aina inayokula chakula pamoja nawe. Nikiamka upo. Nikisali upo. Mke wangu aliniambia niache, kwamba mwanamke yule ni mtu mzuri. Nikamwambia hilo ndilo tatizo lenyewe.

Siku moja, yapata saa tisa na nusu, mashine ya video ilikula kasheti ya Mfamasia. Mnaoishi na simu hamjui mambo haya. Mkanda unatoka nje, unajikunja kwenye magurudumu kama matumbo ya kuku, na lazima uutoe kwa kidole, sentimita kwa sentimita. Hakukuwa na onyesho siku hiyo, tulikuwa tunaijaribu tu, na Papa Athumani alikuwa ameenda mjini. Mimi na Mama Devota tulijifungia kwenye kile chumba kidogo cha mashine. Yeye alishika kasheti mapajani, mimi nikazungusha kwa kidole. Tulitumia zaidi ya saa nzima. Kipande kimoja kilikuwa kimekatika na kujikunja vibaya, urefu wa kidole changu. Nilikikata kwa mkasi wa kucha, nikaunga ncha mbili kwa plasta nyembamba. Alikiangalia kile kipande kilivyochakaa, akaangalia mkanda uliobaki kila upande wa kasheti, akajua ni mahali gani pa filamu, akasikitika. Ni pale Mfamasia anapomjibu hakimu. Watu walikuwa wametuomba turudishe pale mara nyingi mno, mkanda ukachoka. Akakiweka katikati ya kurasa za daftari lake, lile alilokuwa akiandikia maneno ya filamu kwa Kijerumani.

Tulipokuwa tunafanya kazi aliniambia jambo. Alisema sauti yake haitoshi, sale ni kubwa, na kwamba angependa mikro irudi kwangu. Yeye atakaa karibu ataninong'oneza maana, mimi nitaitangaza. Alisema mimi nina sauti ya kuamsha watu. Nilimjibu kwamba nitafikiria. Nilichofikiria ni kwamba sasa ananipa sadaka.

Asubuhi iliyofuata walikuja watu wenye silaha, wale waliokuwa wanalinda mtaa wakati ule. Walisema jana saa kumi mwanamke mwenye kitenge cha buluu alionekana ufukweni mwa ziwa akimpa karatasi mtu aliyekuwa kwenye mtumbwi. Mji ulikuwa na hofu siku zile. Kila aliyetoka njia ya Rutshuru aliangaliwa mara mbili. Walipekua beseni, wakapekua daftari, wakakuta maandishi ambayo hawakuyajua, na katikati yake kipande cha mkanda mweusi. Mmoja alikiinua juu kwa vidole viwili, na majirani wote wakakiona.

Wakauliza jana saa kumi alikuwa wapi. Mama Devota hakuogopa hata kidogo. Alinigeukia.

"Muulize Papa Mikro. Tulikuwa naye, tunatengeneza kasheti."

Wote walinitazama. Vijana, nimewahi kusimulia uongo mwingi maishani, mwingine mtamu, lakini huu nilikuwa sijauandaa. Ulikuwa tayari mdomoni.

"Nilikuwa peke yangu," nikasema. "Miye sikuona mutu."

Msidhani niliogopa bunduki. Ningependa kuwaambia hivyo, wengi wangenisamehe. Bunduki ilikuwa inatazama chini na yule mwenye nayo alikuwa anakula hindi. Nilisema vile kwa sababu ya mikro. Mama Devota hakupiga kelele wala hakunibishia. Alikunja kitenge chake vizuri, akawafuata. Beseni lilibaki mlangoni.

Saa nane mchana watu walikuja kama kawaida. Papa Athumani, uso umemkauka, alinipa mikro na kusema watu wanataka Mfamasia, niendelee. Nilikuwa nimetoka kutia mazuti. Nikaweka kasheti, nikawasha, nikaenda kwenye pipa la maji nyuma kunawa kabla haijaanza. Mazuti hayatoki upesi. Nilipaka sabuni, nikasuuza, bado yananuka, nikapaka tena. Nikachelewa hapo pipani sijui muda gani. Mke wa Papa Athumani alikuwa ameketi pale anachambua maharage, ananitazama.

"Papa," akasema, "unanawa nini siku nzima?"

Niliacha sabuni majini. Niliingia ndani, nikashika mikro. Picha zikapita, Kofia anaongea, Mama Manyoya anaongea, watu wananigeukia. Nikaiweka mikro juu ya kiti cha Mama Devota, nikatoka, nikapanda kwa miguu mpaka kule alikopelekwa.

Komanda wa wale wenye silaha alikuwa mtu wa makamo, meza yake safi, na daftari lile liko juu yake. Alinitambua kabla sijajitambulisha. Kumbe aliwahi kuja kwenye sale kabla ya vita kumpa cheo. Nilimwambia kwamba mama yule jana saa kumi alikuwa nami. Akaniuliza kwa nini asubuhi nilisema vingine. Nilimwambia ukweli, kwamba mama yule alininyang'anya kazi kwa kuijua kuliko mimi, na nilimwonea wivu.

Alitikisa kichwa. "Ni weye ulitudanganyaka na pacha wa Miwani," akasema. "Leo nitakuamini juu ya nini?"

Hapo niliona bei ya ufundi wangu. Mwongo mzuri anapokuwa na ukweli mmoja tu, hana pa kuupeleka. Nilimwomba asiniamini mimi. Amuulize mama peke yake tulifanya nini saa ile, kisha aniulize mimi, alinganishe. Akasema mama ameshaulizwa, na akaniamuru niseme. Nikasema yote: yeye kashika mapajani, mimi nazungusha, mkasi wa kucha, plasta. Nikamwambia kile kipande si barua ya mtu. Ni mahali Mfamasia anapomjibu hakimu, nacho kina urefu wa kidole changu. Nikanyoosha kidole. Akafungua daftari, akakilaza kipande juu ya kidole changu, kikatosha sawasawa, kasoro ukucha.

Alikirudisha kipande daftarini. Kisha akaniuliza yule Mfamasia aliona nini hasa, maana yeye aliitazama siku zangu. Nikamsimulia upya, filamu nzima, nimesimama, bila mikro na bila kupamba, kama alivyokuwa anasimulia Mama Devota. Sijawahi kusimulia vizuri kama siku ile, na waliosikia ni komanda na askari mmoja.

"Nitamurudisha," akasema. "Lakini Keshero yote iliona tukimukamata. Akirudi bure, batamupiga mawe. Utabaambia weye mwenyewe, ku mikro yako."

Alimrudisha kesho yake mchana, sale ikiwa imejaa kuliko siku zote, kwa sababu habari ilikuwa imepita. Nilisimama mbele. Nikawaambia kwamba mama yule hakutoka chumbani saa ile, kwamba mimi nilijua, na kwamba nilisema sikuona mtu kwa sababu ya wivu. Niliyasema mara mbili, maana mara ya kwanza sauti yangu, ile ya kuamsha watu, haikutoka. Mtu mmoja alitema mate. Kasereka dereva aliniangalia kwa muda mrefu, akaangalia chini. Nilimpa Mama Devota mikro mikononi mwake, nikaanza kurudi kwenye gurupe langu.

Akanishika mkono wa shati. Akasema nikae. Akaomba waweke Mfamasia.

Alisimulia kwa utaratibu wake ule ule. Nilikaa sakafuni kando ya kiti chake, kichwa chini, nikisikiliza watu wakisikiliza. Tukafika mahakamani. Hakimu akauliza swali lake. Mfamasia akafungua mdomo, na hapo pana plasta yangu: picha iliruka, na ghafla hakimu alikuwa amesimama tayari, jibu halipo. Sale yote ikageuka kumtazama Mama Devota, awaambie mtu yule amejibu nini.

Aliinama, akaniwekea mikro mdomoni.

"Hapa ni pako, Papa."

Nikasema, "Anasema, sikuona mutu."

Hakuna aliyepiga makofi.